Kwa Shangazi Aliyeihamisha Safari ya Meksiko

Shangazi yangu Rukia,

Barua zangu zote za wazi zilizotangulia zilikuwa za kugombana. Niliwaandikia wakuu wa chuo kuhusu mabweni yasiyo na maji. Niliwaandikia viongozi wa wanafunzi kuhusu usingizi wao mzito. Hata Baba nilimwandikia, kuhusu udikteta wa rimoti ya televisheni, ukaisoma ukacheka mpaka ukakohoa. Leo naandika hadharani ili kushukuru, na mkono wangu haujaizoea kazi hii. Univumilie.

Umeondoka Jeddah baada ya nusu ya umri wako katika uuguzi. Mkataba umekwisha, ikama, kile kibali cha ukaazi, umeirudisha, na katika umri ambao jamaa walikwisha kukupangia kulea wajukuu wa wenzako, umerudi Mombasa ukaolewa na Bwana Salim. Nimefurahi, wallahi. Lakini furaha hiyo iliniachia swali zito. Baba alikuwa amekubali niende Meksiko na Achieng', mwenzangu wa chuo huko Nairobi, tuendeshe gari na kulala kwenye hema, kutoka mji mkuu, kupitia milima ya Oaxaca, hadi pwani ya Pasifiki. Alikubali kwa sharti moja tu: wewe uwe pamoja nasi. Sasa wewe humo. Je, safari ingalipo?

Kabla ya kukwambia lililotokea, acha niseme deni la moyo lilianzia wapi.

Nani aliyenitia Meksiko kichwani kama si wewe? Nilikuwa mtoto, nimeletwa kutoka Riyadh kumalizia likizo kwako Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, katika nyumba uliyopanga pamoja na Luz, muuguzi mwenzako kutoka Ufilipino. Mlikuwa mmezitazama tamthilia zile zile za Kimeksiko ujanani, wewe Mombasa, yeye kwao Manila, na jikoni hapakuwa na mjadala mwingine. Luz alikuwa radhi kumsamehe kila bwana mwongo mwenye macho mazuri. "Macho mazuri yatapika?" ukamuuliza, kwa Kiarabu chenu cha wodini, huku unageuza chapati. Kisha ukanigeukia mimi, kana kwamba nilikuwa mtu mzima mwenye kura. "Sisi tumeonyeshwa sebule zao na machozi yao tu. Barabara zao hatukuonyeshwa. Wewe ukikua, nenda ukazione."

Nilikua. Na Saudia ilipowafungulia wanawake usukani, wewe ulikuwa miongoni mwa waliojipanga mapema kuchukua leseni. Naikumbuka asubuhi uliyotokea mlangoni kwetu Riyadh, umeendesha kutoka Jeddah, ukalala njiani, vumbi kwenye nyusi, ufunguo wa gari unauzungusha kidoleni. Mimi nilikuwa nimekariri hotuba nyingi kuhusu uhuru wa mwanamke. Wewe hukunihutubia. Ulisema tu, "Yalla, vaa viatu. Na babako avae."

Ulitupeleka Thumama, nje ya mji, mahali ambapo watu wa Riyadh hukimbilia majira ya baridi kwa kashta yao: zulia juu ya mchanga, kuni, birika jeusi, na kukaa. Baba, mhandisi wa viyoyozi, alikuja na viatu vya ofisini. Uliponiamuru nipunguze upepo kwenye matairi ili gari lisizame mchangani, alikaribia kuzimia.

"Dada, unaharibu matairi."

"Twaha, kalia zulia."

"Nasema tu kitaalamu..."

"Kitaalamu, mchanga umekwisha kuingia kwenye soksi zako. Kaa."

Akakaa. Mimi nikashika usukani, nikavuka tuta la kwanza, na gari halikuzama. Familia iliyopiga hema jirani ikatuletea kahawa na tende bila kutuuliza sisi ni akina nani. Ndugu msomaji, nimesimama katika mikutano mingi ya kudai utu wa mgeni. Siku ile niliuona utu huo ukimiminwa kwenye finjani, na nimekuwa mpole zaidi tangu hapo, ingawa wakuu wa chuo hawataamini.

Likaja suala la mpango wenyewe. Nilikuja Jeddah na ramani, nikaitandaza sakafuni kwako, nikaieleza kama mtu anayesoma katiba. Tungeondoka Julai, wakati wa likizo yako. Milimani tungelala bondeni, kando ya kijito, penye nyasi laini. Ulinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mvua?"

"Mvua Julai, Shangazi? Ya wapi?"

Ulinitazama kwa huruma. "Mtoto wa Riyadh wewe. Kwenu mwezi wa saba hata wingu linaogopa kupita. Nani kakwambia kiangazi chenu ndicho cha dunia nzima?" Ukachukua simu yako, ukatafuta, ukaniwekea mbele ya macho: huko ndiyo masika yao, mito imejaa, barabara za milimani zinaporomoka. "Mmepanga kulala ndani ya mto, na huyo Achieng' wako wa Kisumu, aliyezoea mvua, naye kanyamaza. Nendeni Disemba. Disemba huko ni kukavu."

"Lakini likizo yako ni Julai."

"Likizo yangu niachie mwenyewe."

Nikakuachia. Nikadhani utaomba ruhusa kazini, nami nikarudi Riyadh kubadilisha tarehe. Miezi ikapita, ukaaga, ukaolewa, na sharti la Baba likabaki limesimama kama ukuta. Nami, kama ujuavyo, ukuta nikiuona nautafutia hotuba. Nilimhutubia Baba kwenye chai, kwenye lifti, kwenye foleni ya mkate. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu mzima mbele ya sheria. Nilimuuliza ni kwa mantiki gani binti anayetegemewa kuongoza wenzake mia kadhaa kwenye maandamano asitegemewe kuongoza gari moja. Alinisikiliza, akaendelea na mkate wake.

Juzi asubuhi nikaanza tena. Akainua mkono.

"Unajua kwa nini shangazi yako alikuhamishia Disemba?"

"Kwa sababu ya mvua."

"Mvua ni kweli. Lakini siku ile ile alinipigia. Alikuwa amekwisha kumkubali Salim. Alijua Disemba hatakuwepo. Nikamwambia, basi msubiri mwaka mwingine, uende naye. Akakataa. Akasema, nikienda naye atakaa kiti cha abiria. Nataka aendeshe yeye."

Shangazi, nikaelewa. Ulikuwa na safari yako mkononi, safari uliyoiota tangu ujana wako, ukaitoa ili mimi niipate ikiwa kavu na ikiwa yangu. Na hukusema neno. Uliniacha nibadilishe tarehe, kisha nikakulaumu moyoni kwamba umeolewa wakati mbaya.

"Sasa kama alikwambia hivyo," nikamuuliza Baba, "mbona hukuniruhusu?"

"Mwezi mzima unanihutubia. Umenidai, umenishtaki, umenitishia na sheria. Hujaniomba hata mara moja."

Nimejifunza kudai mbele ya milango iliyofungwa, na bado naamini iko milango isiyostahili lugha nyingine. Lakini mtu aliyekuwa mbele yangu hakuwa mlango. Alikuwa baba mwenye hofu, aliyemwona dada yake akiondoka na sasa binti yake anafuata.

"Baba, naomba niende."

Alikunywa chai yake yote. "Hema lenu lina sakafu? Haya ya huku hayana, na huko kuna nge."

"Lina sakafu."

"Haya. Nenda."

Kwa hiyo tunakwenda, Shangazi. Nakushukuru kwa usukani, kwa jangwa, kwa kunikatiza palipostahili kukatizwa. Nakushukuru zaidi kwa kiti ulichokiacha wazi kwa makusudi, ukaniacha nigundue mwenyewe kwamba ni changu.

Na kwa kuwa nimeanza kuomba, acha nikuombe na wewe. Siku tutakapofika Pasifiki, tukishakula chakula cha jioni, nitakupigia. Kwenu itakuwa alfajiri, utakuwa umeamka kuswali. Nitakusimulia barabara zote, kona kwa kona. Mwambie Bwana Salim avumilie. Pokea simu.

Kwa mapenzi na heshima,

Binti wa mdogo wako Twaha