Rozari ya Fransis kwenye sanduku la giza

Noela, leo Alhamisi tarehe 14 Mei, asubuhi manyunyu tupu huku Gongo la Mboto, na jioni hii Fransis wetu kajiaibisha darasani!

Mtihani wa vitendo. Chembe za mwanga huzaliwa pacha: kihisi cha kwanza kikinasa mmoja, cha pili kinatakiwa kimnase mwenzake. Ukihesabu kinaowakosa, unajua ubora wa hicho cha pili.

Cha pili cha Fransis kikakosa karibu wote. Kaandika, "Kibovu." Akifeli anarudia mwaka!

Mwalimu Shelina akafungua sanduku la giza lenye vihisi. ROZARI! Ile inayong'aa gizani! Fransis kailaza kando ya kihisi cha kwanza ili kibarikiwe, kikawa kinahesabu mwanga wa rozari, usio na pacha.

"Kaka Fransis, kibovu kipi hapa?" mwalimu akauliza. Mungu anisamehe, nilicheka.

Rozari, Noela!

"Utapima upya," mwalimu akasema, "ila ahidi mbele ya wenzako."

Fransis akasimama: "Naahidi mbele yenu nyote. Nitasali mlangoni, na rozari ataishika Mwalimu."