Karoti za Farasi

Jumanne, 4 Juni 1957
Asubuhi hesabu, mchana usafi wa mwili. Baridi ya Molo, chaki inanidondoka. Jioni nimempeleka binti yangu Nekesa kwa dresa, mhudumu wa zahanati ya shamba. Mchana anaona vizuri. Jua likizama tu, anapapasa kuta. Dresa amesema ni upungufu wa chakula. Nimeona haya hapo hapo. Mtoto wa mwalimu! Apewe papai au karoti, ila kwa macho karoti inalishinda papai kwa mbali. Ipikwe na mafuta kidogo. Tukichelewa, macho yanaweza kufa kabisa.
Hapa karoti hulimwa kwa ajili ya farasi wa bwana mzungu mwenye shamba. Sisi watu wa laini, nyumba za vibarua, hatuzili, au hatuzili tukionekana.

Alhamisi, 6 Juni
Nimesoma kitabu cha afya. Papai nalo linafaa macho, na kwa fizi linaishinda karoti. Basi papai. Nimejiambia ni sayansi.
Si sayansi. Mwezi jana Chebet, binti wa Kiprono mtunza farasi, alikuja darasani na karoti. Nilimwita Farasi. Wote wakacheka. Jina limemganda mpaka leo. Nikaombe karoti kwa baba yake kwa uso gani?

Jumamosi, 8 Juni
Nimepanda lori la maziwa mpaka Nakuru. Soko zima, papai moja. Bichi, gumu. Nimelinunua hivyo hivyo, nimeliweka karibu na meko liive. Mke wangu Rosa amelitazama, kisha akanitazama mimi.

Jumatano, 12 Juni
Bado bichi. Baridi hii haiivishi kitu.
Rosa: "Baba Nekesa, si karoti ziko tu hapo ng'ambo ya ua?"
Nimemkemea. Alikuwa na haki.

Ijumaa, 14 Juni
Nekesa ameikanyaga sufuria ya uji jioni. Hakuiona. Mguu umeungua. Alilia akiniita, na mimi nimesimama kando yake. Hanioni.
Papai limeoza upande mmoja kabla ya kuiva. Najichukia.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeenda kwenye banda la farasi. Kiprono alikuwa anasugua kwato. Nikaanza kuzunguka maneno, mara dresa, mara kitabu. Akanikatiza.
"Mwalimu, beba tu hizi karoti zimevunjika. Hata Chebet wangu macho yalikuwa hivyo. Ndiyo maana nilikuwa nampatia akuje nazo shule."
Akarudi kwenye kwato zake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 17 Juni
Nilikusudia kukiri kosa mbele ya darasa. Nimeshindwa. Nimesema tu kwamba atakayemwita Chebet Farasi atachapwa. Watoto wakatazamana. Walijua jina lilitoka kwa nani. Chebet aliinamisha kichwa.
Mwoga mimi.

Jumapili, 30 Juni
Mvua kidogo baada ya ibada. Rosa amekaanga vitunguu.
Giza likiingia nilitoka kwa Kiprono, nikapita nyuma ya nyumba za watu kama kawaida yangu. Nekesa alikuwa ameketi mlangoni. Sijafungua mdomo, ameniuliza kwa sauti, majirani wote wakisikia, mbona nimeficha karoti ndani ya koti, ncha zake anaziona.
Rosa alitoka mbio na mwiko mkononi. Akamwambia Nekesa arudie, baba anaficha nini. Nekesa akajibu vilevile, karoti.
Nikazitoa. Nimeingia nazo ndani nimezishika mkononi.