Gramu Ishirini za Kitambaa Kikavu

Jumatatu, 4 Machi
Miaka ishirini na sita kazini, na bado mtoto akilia mara ya kwanza nywele zinanisisimka. Leo wamezaliwa wawili, mbele ya wanafunzi wangu sita. Mmoja kalia kuliko mtoto. Sikumcheka — sana.
Nikafundisha kama kawaida: mama akishajifungua, tazama vitambaa, kadiria damu kwa macho. Wakaandika! Mkunga mkuu akaguna tu. Ule mguno naujua.

Alhamisi, 7 Machi
Utafiti wetu umeanza. Kitambaa kikavu ni gramu ishirini. Kikishalowa kinapimwa tena. Kilichozidi ndiyo damu, gramu moja kama mililita moja. Mkunga akanitaka nikadirie kwanza, hadharani. Mililita mia tatu, nikasema, mama yuko salama. Akapima. Mia sita na arobaini! Mia tano tu ni hatari.
Nikasema mizani mbovu. Ikaletwa ya wodi ya watoto. Jibu lile lile. Wanafunzi sasa wanamwita mkunga Bi Gramu.

Jumatano, 13 Machi
Kina mama arobaini na mmoja. Jicho langu limekosea kwa thelathini na watatu, kila mara kwa kupunguza. Wangapi, miaka yote hii, niliwaambia wakapumzike? Naona aibu.
Lakini mwili wa mzazi, jamani! Unasitiri. Mama anapoteza nusu lita huku anakuuliza mtoto kafanana na nani. Nilidhani naujua.
Nimewaambia wanafunzi wafute somo la Jumatatu. Bi Gramu akanifariji: nisijiumize, hata yeye alikuwa ananiamini. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 19 Machi
Saa nne asubuhi. Kitindamimba wangu yuko leba. Mimi nimetolewa nje — hapa mimi ni mama tu, si daktari. Benchi la korido gumu! Wagonjwa wangu wamelivumiliaje?

Saa tano na nusu. Mjukuu! Wa kike! Nikaitwa ndani. Binti yangu anacheka, eti mtoto kachukua pua yangu, pole yake. Nikatupia jicho vitambaa. Mia mbili na hamsini. Moyo ukatulia.
Bi Gramu hakuniuliza. Akapima, akatoa uzito wa vikavu, akasoma: mia tano na themanini, na bado inatoka. Mkono wake tayari uko tumboni, anasugua mji wa mimba ukaze. Yule mwanafunzi mliaji alishachoma sindano ya kuzuia damu kabla sijafumbua mdomo. Jicho kavu kabisa! Nikapewa mtoto, nikaambiwa, Mwalimu, tupishe.
Nimepisha. Mjukuu yuko pajani, naandika kwa mkono mmoja. Ana kucha! Kamili, kumi! Mlangoni nasikia hesabu ikipanda. Mia sita na thelathini. Mia sita na hamsini. Binti yangu anauliza mtoto yuko wapi, sauti nzima kabisa — na mimi sauti siiamini tena.
Bi Gramu anaweka kitambaa kingine mizanini. Ishirini, Mola wangu. Isome ishirini tu —