Risasi Nilizokuletea, Shemeji

Shemeji Festo,

Watoto wako wazima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza. Erasto amesimama, anatembea kwa kushikilia makochi, akianguka anajipigia makofi. Neema amerefuka, sasa ananipita kichwa. Dada yangu amerudi kazini kule kwenye nyumba ya wazee, na ameomba zamu za Jumamosi. Anasema Jumamosi hawezi kukaa ndani ya nyumba ile ya Mansfield akasikia gereji imenyamaza.

Miezi saba, shem. Namba yako bado imo kwenye simu yangu.

Ila sikukaa kukuandikia habari za makochi. Kuna maneno yamesemwa juu yako tangu tukuzike, na wewe huna mdomo wa kuyajibu. Wanasema ulijipeleka mwenyewe. Si kwa kukusudia, kwa uzembe. Kwamba ulijaza risasi zako vibaya ukazidisha baruti, na bunduki ikapasuka usoni pako. Msibani nilimsikia mtu mmoja, tena sahani ya pilau ya watu wako iko mkononi, akisema, "Mtaalamu wa vipimo kajipima vibaya." Watu wakatikisa vichwa. Na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake, nikanyamaza.

Nakumbuka siku ulipoinunua ile bunduki, kwenye ule ukumbi mkubwa Dallas wanakouza silaha za zamani. Bunduki ya jeshi la Waingereza, mbao zake zimechubuka, chuma chake cheusi. Mimi nilikuwa natafuta visu. Wewe uliiinua ukanusa kitako chake mbele za watu, nikaona aibu. Ukaniambia baba yako, bwana nyama kule Tunduru, alitembea na ya namna ile miaka yote akifukuza tembo kwenye mashamba ya watu, na kwamba harufu ni ileile, mafuta na jasho. Nikaacha kucheka.

Tabu ilikuwa chakula chake. Risasi mpya za dukani kwa bunduki kuukuu kama ile zilikuwa za kubahatisha, na bei yake ilikuwa ya kukuza mtoto. Zile rahisi, za maghala ya jeshi ya zamani, zinaacha chumvi inayokula mtutu. Basi ukaamua kujaza mwenyewe. Ukaunda meza gerejini, ukanunua mizani ndogo, ukaanza kuokota maganda yako kila ulipomaliza kupiga, kama mama anayeokota mbegu. Ganda linasafishwa, linawekwa kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, inamiminwa baruti iliyopimwa, kisha kichwa kinabanwa juu. Unajaza ishirini Jumamosi nzima. Mkebe mmoja tu wa baruti mezani, mingine kabatini. Kila ganda ulilimulika ndani kwa tochi kabla ya kulifunga, na kila kitu ukakiandika kwenye daftari, kwa mwandiko ule wenu watu wa maabara.

Nilikudhihaki sana. Mimi dereva wa lori, mtu wa haraka. Nikakwambia risasi ni risasi, ikitoka imetoka. Na wewe bila kuinua macho kwenye mizani ukanijibu, "Shem, risasi usiyomjua aliyeijaza ni chakula kilichopikwa na mtu asiyekupenda. Unaweza kushiba, unaweza kufa. Mimi sili."

Ulilisema mara nyingi. Siwezi kusema sikulisikia.

Erasto akazaliwa, Jumamosi zikaisha. Halafu fataki zikaadimika madukani, ukawa umebaki na risasi chache tu. Yule rafiki yetu Mkongo wa Garland alikuwa ametualika kwenye shamba la bosi wake tukawinde swala wa huku, na wewe ukasema tuache, mwaka huu basi. Mimi ndiye niliyeng'ang'ana. Nikasema, "Niachie mimi, nazunguka Texas nzima, sitakosa."

Nikazipata Houston. Nilikuwa nimeshusha mzigo, nikapita kwenye soko moja la mitumba pembeni ya barabara kuu. Kijana mmoja alikuwa na meza ya kukunja, ana vikorokoro vya marehemu baba yake. Kwenye mfuko wa nailoni, risasi za bunduki yako. Hakunidanganya, nataka ulijue hilo. Aliniambia wazi kwamba mzee wake alikuwa anajaza mwenyewe, kwamba miaka ya mwisho mzee macho yalikuwa yamemwishia, na kwamba yeye hajui chochote. Aliniuzia kwa bei ya soda.

Nilijua utakachosema. Ningekuletea mfuko ule ungeutazama tu, ungenirudishia. Kwa hiyo nikiwa njiani kurudi, nilisimama kwenye kituo cha mapumziko kabla ya mji wa Corsicana. Nyuma ya kiti nilikuwa na maboksi mawili matupu ya kiwandani, ya risasi za namna ileile, niliyookota uwanja wa shabaha, nikiwekea misumari. Nikamwaga misumari. Nikazipanga risasi za yule mzee, moja moja, vichwa chini, ishirini na ishirini. Zilikaa vizuri sana, shem. Nilijipongeza.

Ulizipokea gerejini, Erasto yuko begani kwako amelala. Uligeuza moja ukasoma jina la kiwanda kwenye kitako cha ganda, ukalilinganisha na boksi. Likalingana, maana yule mzee alijaza maganda ya kiwanda hichohicho. Hata hivyo ukaniuliza, "Umepata duka gani? Una risiti?" Nikacheka, nikakwambia, "Shem, hata mimi unanidai risiti?" Ukaona haya. Ukasema, "Samahani, shem. Nimezoea kazini."

Uliniomba samahani. Mimi.

Jumamosi iliyofuata ndiyo tukaenda uwanjani, nje kidogo ya Mansfield, kuirekebisha bunduki shabaha kabla ya mawindo. Kulikuwa na upepo wa baridi. Ulipiga ya kwanza, ya pili. Ya tatu ulishusha bunduki ukasugua bega. Komeo la bunduki lilikuwa zito kufunguka, ukalipiga kwa kiganja. Ukasema, "Hizi zinapiga teke kuliko zangu. Sijui kama nizimalize." Ulitaka kuacha. Na mimi nikakwambia, "Za kiwandani zina nguvu, shem. Zako umezilisha uji."

Ukacheka. Ukaweka ya nne.

Sauti haikuwa ile. Ilikuwa kama bati limeangushwa. Ulikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, na bunduki ikabaki juu ya meza, imefunguka ubavuni. Shingoni kwako, chini ya sikio, palikuwa na tundu dogo. Dogo sana. Nilibana kwa kiganja, halafu kwa kofia yangu, halafu kwa taulo alizokuja nazo mbio mzee mmoja msimamizi wa uwanja. Ulishika mkono wa koti langu, ukalivuta mara mbili, kama unaniita nisogee. Nilisogea. Sijui ulitaka kusema nini. Hilo ndilo linaloniamsha.

Walipokupakia kwenye gari la wagonjwa, na watu wote wanatazama huko, nilichukua yale maboksi nikayatia ndani ya koti. Sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe, na bado ilikuwa na damu yako. Askari wa kaunti walipofika walikuta kwenye mkoba wako risasi zako kumi ulizojaza wewe. Wakaniuliza nani amezijaza. Nikasema, "Yeye mwenyewe." Ni kweli, ulizijaza wewe. Kweli hiyohiyo ndiyo nimeitumia kama uongo miezi saba.

Wakaandika walichoandika. Kaka yako Polikapi akaja kutoka Sugar Land, akaingia gerejini na shoka, akaivunja meza yako mbele ya mjane wako. Yustina hakumzuia. Alikuwa amekukasirikia, shem, hasira ambayo sijawahi kuiona kwa dada yangu. Alikuwa akikusema kama mtu anavyomsema mlevi: katuacha kwa ajili ya mchezo wake. Neema, aliyekuwa akipenda kemia kwa ajili yako, aliliacha darasa. Siku moja nampeleka dukani akaniuliza, macho dirishani, "He messed up the measurements, didn't he, Anko?" Anataka kujua kama baba yake alikosea vipimo. Nikamjibu, "Ilikuwa ajali, mama." Nikawasha redio.

Mwezi uliopita Yustina alinipa katoni nikaitupe. Ndani yake mlikuwa na mizani yako, ile nyundo yako ya kung'olea vichwa vya risasi, na daftari. Sikutupa. Nililisoma lote, kurasa mia na kitu, hakuna ulipopima mara moja tu. Kisha nikatoa maboksi yangu. Nilivunja risasi tano za yule mzee, nikaimimina baruti ya kila moja kwenye mizani yako, moja baada ya nyingine, kama nilivyokuona ukifanya. Hazikufanana hata mbili. Moja ilikuwa na karibu mara mbili ya kiasi ulichokuwa ukiandika wewe.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikamwambia dada yangu. Alikuwa anaosha mboga. Alifunga bomba.

"Alikuuliza zimetoka wapi?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia. Lile la risiti pia. Alifuta mikono kwenye kanga. Halafu akasema, "Damasi, miezi saba nimemlaani mume wangu ndani ya kitanda chake." Nilipiga magoti. Akaniambia ninyanyuke, nisimchafulie sakafu kwa magoti yangu. "Mimi usiniombe msamaha. Nenda kawaambie uliowaacha waamini." Hajanipigia simu tangu siku ile. Neema alielezwa na mama yake mwenyewe, mlango umefungwa, na nasikia mtoto alitoka akaenda kulala kwenye gari lako, siti ya nyuma, hadi alipoitwa kula.

Jumatatu nikaenda Sugar Land. Kaka Polikapi alinisikiliza tukiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani, na ana haki. Nilipomaliza alisema tu, "Nimeivunja meza ya mdogo wangu kwa shoka," akafunga mlango. Nilimsikia akilia upande wa pili. Sikuondoka mpaka aliponyamaza. Jumanne nikaenda ofisi ya kaunti, nikaweka maboksi juu ya kaunta na kueleza. Askari aliandika kurasa nne. Akasema watanipigia. Sijui watanifanya nini, na kwa kweli, shem, siogopi tena upande huo.

Nilichotaka ulijue ni kwamba mkono wako haukukosea. Ungeishi kwa mkono wako. Ulikufa kwa sababu uliamini wangu.

Sitegemei unisamehe, wala sitakuja kaburini kukulilia kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Nitakuja nikishamaliza kazi. Jumapili hii, baada ya ibada ya Kiswahili, kabla watu hawajatawanyika, nitasimama mbele ya wote waliokula pilau yako. Nimemwomba padri nafasi, amenipa. Nitasema, Festo hakukosea. Nitasema nilichofanya njiani kutoka Houston, bila kupunguza. Na yule aliyekucheka msibani nitamtazama, ila sitamlaumu, maana alisema alichoambiwa na ukimya wangu. Neema amesema atakuja. Atakaa mbele.

Pumzika, shemeji yangu. Jina lako nitalirudisha kwa wanao, hata kama langu litabaki chini.

Ni mimi, kaka wa mkeo,
Damasi