Soda ya Nazi ya Baba: Kumbukumbu za Kikao cha Tisa cha Familia

Kikao kilifanyika Jumamosi alasiri nyumbani kwa Mama, nusu jikoni na nusu sebuleni, mlango wa katikati ukiwa wazi.

WALIOHUDHURIA
1. Kaka Mkubwa, fundi umeme – Mwenyekiti
2. Dada, mwokaji mikate – Mjumbe
3. Kinyozi, mtoto wa mwisho – Mjumbe
4. Mke wa Kinyozi – Katibu
5. Mama – Mlezi wa kikao (alikuwa amelala kwenye kochi, macho yamefumbwa, masikio hayakujulikana)

WASIOHUDHURIA KWA TAARIFA
Hakuna.

WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA
Baba (marehemu)

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga sufuria na kijiko. Ikumbukwe kwamba Baba alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi karibu maisha yake yote, na katika nyumba hii ugomvi usioandikwa hautambuliki.

Jina la Baba lilisomwa kama kawaida. Baba alifariki asubuhi moja akifunga kamba za viatu, bila kuumwa na bila kuaga. Kuanzia kikao cha kwanza baada ya mazishi Mama aliagiza aandikwe miongoni mwa wasiohudhuria bila taarifa, kwa kuwa ndivyo alivyofanya. Hakuna mjumbe aliyewahi kuthubutu kupinga.

KUMB. NA. 2/9: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Dada alirudisha blenda ya Mama aliyoiazima kwa wiki moja mwaka jana. Kinyozi aliuliza kifuniko kiko wapi. Dada alijibu kwamba aliazima blenda, kifuniko hakikutajwa. Mwenyekiti aliagiza sahani itumike na mjadala ufungwe. Haukufungwa, ila uliendelea kwa sauti ya chini.

KUMB. NA. 3/9: HALI YA MAMA
Mwenyekiti alieleza kwamba homa ya Mama imeshuka lakini tangu juzi hataki kunywa kitu. Maji anageuza uso. Chai anaiacha ipoe. Daktari alikuja asubuhi akasema kwamba asipokunywa leo, kesho alazwe atundikiwe dripu. Mama alishasema hatoki ndani ya nyumba hii kwa miguu ya watu wengine, na wote tunajua Mama akisema kitu amesema.

Dada alitoa taarifa kwamba adhuhuri, alipokuwa akimfuta uso, Mama alifumbua macho akasema: "Ningepata ile soda ya baba yenu." Kisha akalala tena.

Upepo ulikuwa ukilijaza pazia la dirisha na kulitoa, taratibu, kama vile pazia ndilo linalopumua kwa niaba ya mgonjwa. Mwenyekiti aliuliza Katibu anaandika nini wakati hakuna anayesema. Katibu alijibu anaandika mahudhurio.

KUMB. NA. 4/9: SODA ILIVYOKUWA IKITENGENEZWA
Ilielezwa kwamba kila Jumamosi wajumbe walipokuwa wadogo Baba alijifungia jikoni na nazi, halafu akatoka kuwaita watoto popote walipo, na wakirudi naye wanakuta glasi zimepangwa mezani: kinywaji cheupe, kizito, chenye mapovu, baridi mpaka kwenye meno. Katibu hakuwahi kukionja kwa kuwa aliolewa baadaye, lakini amesimuliwa tangu uchumba na wakati mwingine hukiota. Ndotoni huwa anakunywa na glasi haipungui.

Tatizo ni kwamba Baba, aliyeandika kila kitu, hili hakuliandika.

Dada alisema ni tui zito la nazi, juisi ya nanasi iliyochujwa, shira ya sukari yenye vanila, halafu maji ya gesi yaliyopoa sana, yakimiminwa polepole ubavuni mwa glasi. Kinyozi alikubali yote isipokuwa nanasi. Yeye alikumbuka embe. Dada alimwambia wakati huo alikuwa ananyonya kidole, angejuaje embe. Kinyozi alisema kidole ndicho kilichokuwa na embe.

Mwenyekiti alieleza kwamba siku moja alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akamwona Baba kwa macho yake akikamulia ndimu kwenye sufuria ya tui likiwa bado jikoni linafuka moshi. Dada alicheka. Alisema tui la moto likikutana na ndimu linakatika palepale, maji yanakwenda huku na mafuta kule, na hata mtoto anayejifunza kuchemsha maharage analijua hilo.

Mwenyekiti alisema yeye amesema alichokiona. Dada alimwambia, "Kaka, wewe shika nyaya zako." Mwenyekiti alikumbusha kwamba yeye ndiye mwenye kiti. Dada alikumbusha kwamba kiti kimetoka kwake.

Iliazimiwa kila mjumbe atengeneze ya kwake.

KUMB. NA. 5/9: UTENGENEZAJI
Nazi zilikunwa na Kinyozi, kwa kuwa mikono yake imezoea vichwa. Tui la kwanza lilichujwa, likagawanywa sehemu tatu. Dada alilaza lake kwenye barafu. Nanasi lilisagwa chini ya sahani iliyoshikiliwa na watu wawili, na bado ukuta ulipata sehemu yake.

Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye meza, na yale maji ya gesi yalipofunguliwa, vipovu vilipanda kwenye mwanga huo bila haraka yoyote. Nyumba nzima ilinuka vanila. Kwa muda hakuna aliyegombana na mtu. Kinyozi alikuwa anaimba puani bila kujijua. Dada alikuwa anakoroga huku amefumba macho, na Katibu, ambaye ana mambo yake na wifi huyu, aliona jinsi anavyofanana na Mama, akamsamehe kifuniko.

Kisha tui la Mwenyekiti likakatika. Alikuwa amelichemsha na kulikamulia ndimu kama alivyosema atafanya. Madonge meupe yakaelea juu, maji ya kijivujivu yakabaki chini. Alimimina maji ya gesi kwa haraka akidhani yatalirudisha, na likawa baya zaidi. Aliagiza jambo hili lisiandikwe. Limeandikwa.

Glasi yake iliwekwa karibu na sinki ili imwagwe.

KUMB. NA. 6/9: KUONJA
Mama aliinuliwa, akaegemezwa mito. Dada alimpelekea ya kwake, na Katibu anashuhudia kwamba ilikuwa nzuri kuliko ile ya ndotoni. Mama alilowesha midomo, akasema, "Ahsante mwanangu. Siyo." Ya Kinyozi ilipata jibu hilohilo, na kidogo ikamchekesha.

Dada aliingia jikoni akasimama akiuangalia ukuta wenye nanasi. Alikuwa analia, na iandikwe hivyo. Mwenyekiti alikuja kumshika bega, akasema, "Nitaita gari kesho asubuhi."

Hapo Mama aliuliza, "Ile nyingine pale kwenye sinki ya nani?"

Mwenyekiti alisema ile imeharibika. Mama akasema, "Sikuuliza hivyo. Nipe."

Mwenyekiti alimpelekea mwenyewe, ameinamisha kichwa. Mama aliinusa. Alikunywa funda moja, akakunja uso kwa ukali wa ndimu, akatafuna donge. Kisha akanywa yote. Wajumbe walisimama kumtazama koo likipanda na kushuka, na hakuna aliyesogea mpaka glasi ilipobaki na povu tu.

"Hii ndiyo," Mama alisema. "Ndiyo hii hasa."

Dada aliomba ufafanuzi. Mama alieleza, kwa sauti ambayo hatukuisikia wiki nzima, kama ifuatavyo:

"Baba yenu hakujua kutengeneza soda. Kila Jumamosi tui linamkatikia, kwa haraka zake. Basi namwambia, kawaite watoto. Akitoka, nainywa ile yake yote, naosha sufuria, natengeneza nyingine. Mkirudi anawagawia, anajisifu."

Kinyozi aliuliza, "Kwa hiyo tuliyokuwa tunakunywa sisi?"

"Yangu."

"Na yeye hakujua?"

"Angejulia wapi? Kila wiki anadhani tui limejirudi lenyewe, anaikuta glasi aliyoniachia nionje iko tupu, anafurahi."

Dada alisema kwamba kumbe miaka yote amekuwa akimsifu mtu asiyehusika. Mwenyekiti aliomba kumbukumbu zioneshe kwamba aliyoyaona kwenye upenyo wa mlango yalikuwa kweli. Zinaonesha.

Mama alimshika Mwenyekiti mkono, akaugeuza, akautazama kiganjani. "Mikono ileile," alisema. "Nitengenezee nyingine. Usijifunze."

KUMB. NA. 7/9: MAAZIMIO NA MENGINEYO
(a) Mwenyekiti atatengeneza soda ya Mama kila siku hadi apone, na Dada hatamwelekeza.
(b) Gari lisiitwe.
(c) Dada alete kifuniko.

Kabla ya kufunga, Mama, akiwa ameshika glasi ya pili, alimtaka Katibu amsomee mahudhurio. Katibu alisoma. Alipofika kwa wasiohudhuria bila taarifa, Mama alimwambia asimame hapo, amfute Baba.

Katibu aliuliza amhamishie wapi.

"Kwa waliohudhuria," Mama alisema. "Kachelewa tu."

Mwenyekiti aliulizwa kama utaratibu unaruhusu. Aliashiria kwa mkono kwamba iandikwe. Imeandikwa:

6. Baba – amechelewa.

KUFUNGA KIKAO
Saa ya ukutani ilikuwa imesimama na fundi umeme wetu hajapata nafasi ya kuitazama. Kikao kilifungwa jua likiwa limeshatoka mezani na kufika miguuni kwa Mama, naye amelala, glasi tupu kifuani ikipanda na kushuka.

Mwenyekiti: (ametia sahihi, karatasi ina alama ya ndimu)
Katibu: (ametia sahihi)