Makofi Niliyompigia Mama Mapazia

Usinicheke. Nimejifungia stoo ya vitabu.

Unamkumbuka Mama Mapazia, yule fundi cherehani wa darasa langu la watu wazima? Kesho asubuhi ana usaili wa kazi, wa Kiingereza kitupu. Leo nikamsimamisha aseme "kind-hearted", mwenye moyo mwema. Silabi tatu, mkazo kwenye ya pili. Yeye anakazia ya kwanza.

Nikaliambia darasa limpigie makofi penye mkazo. Mara nane. Nane, ndugu yangu. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikacheka.

Akasema taratibu, "Mwanangu, nilikuja kusoma. Sikuja kuchezeshwa." Akabeba mkoba wake, akatoka.

Mwanangu. Siku zote huniita mwalimu.

Daftari lake limebaki mezani, nikalifungua. Maneno yote ameyagawa kwa vistari, na kila mkazo ameuweka mahali pake. Alikuwa anajua. Ulimi ndio uliomsaliti mbele za watu. Na chini kabisa ametunga sentensi ya mfano: "My teacher is kind-hearted."

Nampelekea daftari sasa hivi. Akifungua mlango, naanzia wapi?