Breki Zilizonyamaza

Boito,
Jumatatu asubuhi

Kwa kaka yangu mpendwa Weldon,

Chamgei, kaka. Natumaini Siongiroi mvua imewakumbuka, na ng'ombe unaonunua hapo sokoni wameacha kukupiga mateke. Sisi tu wazima, Mama anakusalimu, na majani chai yamechipua mpaka mikono inatuuma. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu imekufa. Jinsi ilivyokufa nitakueleza, ila usiruke mistari.

Unakumbuka ulituletea pikipiki ili Mama arudi kanisani, maana tangu magoti yamkatae hajaingia humo. Watu wa boda hataki hata kuwasikia. Anasema wanashuka mlima kama wanaofukuzwa. Aliahidi kupanda siku nitakapoijua vizuri mimi mwenyewe. Basi nikaenda kwa Kebaso, fundi wa pale senta, nikamwomba tuanze na breki, maana mteremko wetu unaujua.

Alinifundisha kwa subira nisiyostahili. Kila asubuhi nibonyeze breki ya mkono na ya mguu nione kama zimelegea, niangalie waya kama umechakaa, kisha niisukume kidogo na kufunga breki kabla ya kuipanda. Akanionyesha pia kufungua gurudumu la nyuma na kusafisha breki shuu, vile vipande viwili vinavyobana kwa ndani. Vumbi letu huzifanya zipige kelele, na zangu zilipiga kelele mpaka ng'ombe waliacha kula.

Jumanne nikalifungua peke yangu, kaka, nikijiona injinia. Nikasafisha shuu, nikazianika juani juu ya gunia, nikaenda kukamua. Niliporudi zilikuwa zinang'aa, nikajisifu kwa usafi wangu. Nikafunga, nikaondoka bila kujaribu. Kimya kabisa! Nilifurahi mpaka kwenye kona ya kituo cha kupimia majani chai, nikakanyaga breki, pikipiki ikaendelea na safari yake. Breki ya mbele, ile ya mkono, niliikumbuka nikiwa tayari ndani ya shamba la chai la mzee Kipkurui. Mimi nilichubuka kiwiko tu. Simu ndiyo haikuamka.

Kebaso alifungua gurudumu, akanusa, akaniuliza ni ng'ombe yupi anayekamuliwa kwa pikipiki. Shuu zilikuwa zimelowa mafuta ya kukamulia. Niliapa sijayapaka, naye akacheka tu na kunifungia mpya.

Sasa hili usimwambie Mama kwamba nimekuambia. Jioni hiyo hakugusa chai. Halafu akasema ni yeye. Alizikuta zimekauka juani, akazionea huruma, akazipaka mafuta yake, maana hayajawahi kumwangusha kwa chuchu za ng'ombe wala kwa bawaba za lango. Alilia akisema alitaka kunisaidia, na kidogo tu aniue. Nililia naye, na moyoni nilijua hatapanda kamwe.

Jana nilikuwa uani nikiisukuma pikipiki na kufunga breki, akatoka na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Akaniambia niisukume tena, aone. Nikaisukuma. Akataka mara nyingine. Kisha akapanda, akanishika kiuno kwa nguvu, akasema yeye ameshaniangusha, kwa hiyo nikimwangusha mimi hatakuwa na la kusema.

Tulifika kanisani, kaka, na hatukuanguka. Nimefurahi mno.

Phelis anayekuletea barua hii mpe chai, ametembea. Wasalimie watoto, na Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dadako,
Chepkosgei